Visi na Baa Zisizo na Madirisha

Siku mama yake alipozikwa, Visitación Lanuza hakulia. Alisimama kando ya kaburi huko Torrero, mkoba ameubana kwapani, upepo wa Zaragoza unamrusha nywele usoni, naye akawa anawaza kama alizima jiko kabla ya kutoka. Hakuwa na hakika. Alijaribu kuikumbuka swichi ya jiko, na alipomaliza kuikumbuka, jeneza lilikuwa limeshashushwa.

Aliyelia ni kaka yake, Eladio. Alilia mpaka jamaa wawili wakamshika mabega asije akazikwa naye. Eladio alikuwa akimtembelea mama Krismasi na siku ya sikukuu ya Bikira Maria wa Pilar, akija na boksi la peremende, akikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyefika kutia saini. Lakini siku ile shangazi na majirani walimpitia wote, mmoja baada ya mwingine, wakimpapasa shavu: "Maskini Eladio, alivyompenda mamake!" Kisha wakamgeukia Visi, wakamtazama yale macho makavu, wakasema, "Na wewe sasa pumzika, binti."

Visi alikuwa na miaka hamsini na mitano, na kumi na minne kati ya hiyo alikuwa amemuuguza mama, Bi Engracia, katika nyumba ile ile ya ghorofa ya tatu walimozaliwa. Alimgeuza kitandani, akamlisha, akamwosha, akabishana naye kuhusu redio. Duka la mapazia alikokuwa akifanya kazi lilimngoja mwaka mmoja, halafu likamwajiri mwingine. Hakulalamika, wala hakuwa mtakatifu. Alikuwa tu ndiye aliyekuwepo.

Baada ya mazishi alingoja huzuni ije. Aliitengea nafasi kabisa. Alikaa sebuleni bila redio, mikono mapajani, kama mtu anayemsubiri fundi wa bomba. Huzuni haikuja. Hata nafuu haikuja, ambayo alikuwa ameiogopa zaidi. Kilichokuja ni ganzi, kama ile ya daktari wa meno, unapolishika shavu lako mwenyewe ukaliona ni la mtu mwingine. Chakula kilikuwa na joto au baridi, si zaidi. Majirani walipomsalimia ngazini aliitikia, na akisha kuitikia hakukumbuka amemwitikia nani.

Mwezi wa Aprili alipita mtaa mmoja nyuma ya uwanja wa mpira, akiwa ametoka kurudisha kitanda cha wagonjwa, akaona duka la simu mahali palipokuwa na Kalawai. Alisimama.

Kalawai ilikuwa baa ya Kihawai. Kila mji wa Hispania ulikuwa nayo siku zile, mingine mbili au tatu: mlango mdogo wa mianzi, ngazi ya kushuka, paa la makuti chini ya paa la saruji, vinyago virefu vya mbao vyenye meno, maporomoko ya maji yanayoendeshwa na pampu, na taa zilizotengenezwa kwa samaki bunju waliokaushwa wakiwa wamejifutua kwa hasira. Visi alifanya kazi humo ujanani, miaka mitatu, ua la kitambaa sikioni, akipeleka mezani mabakuli ya ramu na juisi ya nanasi kwa wapenzi waliokuwa hawaonani vizuri gizani. Hakuna aliyekuwa amewahi kufika Hawai, si mwenye baa, si wapishi, si wateja. Hakuna aliyejali.

Wiki iliyofuata alipanda treni kwenda Valencia, kwa sababu alisikia kule bado iko moja. Hakumwambia mtu. Aliingia saa kumi na moja jioni, jua kali nje, ndani usiku wa kutengenezwa. Alikaa pembeni kwenye kiti cha henzirani chenye mgongo kama mkia wa tausi, akaagiza kitu chenye mwavuli wa karatasi. Pampu ilinguruma. Mhudumu alimwekea bakuli la njugu akaenda zake. Saa mbili nzima hakuna mtu aliyemwuliza anajisikiaje.

Alirudi Zaragoza kwa treni ya usiku, na baada ya siku chache akaenda Bilbao. Halafu Perpignan, ng'ambo ya mpaka. Hakuweza kusema anafurahi. Ila humo ndani, na humo tu, kutojisikia kitu hakukuwa kosa.

* * *

Aliyemfichua ni wifi yake, Herminia, mke wa Eladio, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watoto toka ghorofa ya tano. Alikuja Jumapili moja na chungu cha maharage, akaingia jikoni bila kuombwa, akafungua kabati kutafuta sahani, akakutana na nyuso nne za udongo zenye meno. Ni vikombe, vya kuchongwa sura, ambavyo baa zile humpa mteja akiagiza kinywaji kikubwa.

"Wifi! Hii mijitu mibaya hivi ndiyo nini?"

"Vikombe."

"Vikombe vya nani? Vya shetani?"

"Vya baa."

Herminia alivuta kiti. Alikaa juu yake kama hakimu. "Baa gani? Wewe unaenda baa? Peke yako?"

Visi akamweleza. Hakuona sababu ya kuficha, wala ya kueleza. Herminia alisikiliza mdomo umeachama, mkono juu ya mfuniko wa chungu.

"Kwa hiyo mtu anafiwa na mamake," alisema mwishowe, "badala ya kwenda kanisani, au kwa daktari, au kwangu, mimi wifi yake, nina nyumba nina masikio, anapanda treni mpaka Ufaransa kwenda kunywa nanasi pangoni!"

"Nanasi lina ramu."

"Bora hivyo! Nilidhani umerukwa na akili kabisa." Alicheka, kisha akamtazama. "Umeshalia, Visi?"

"Bado."

"Bado. Unasema 'bado' kama unangoja basi." Akafungua chungu, akampakulia. "Sasa sikiliza. Huendi tena peke yako. Eladio ameshastaafu, yuko nyumbani tangu asubuhi mpaka jioni, ananifuata jikoni, anafunua sufuria, analia. Mchukue. Nakuomba. Ukitaka niondolee mwezi mzima."

Ndivyo ilivyokuwa. Katikati ya Mei, Visi na kaka yake walipanda treni kuelekea Marseille, yeye na begi moja dogo, Eladio na masanduku mawili na mto wake wa kulalia.

* * *

Eladio alikuwa mrefu, mwenye kitambi cha adabu na masharubu aliyoyatunza tangu alipoanza kazi katika ofisi ya bima. Mkewe alimfungia mikate ya nyama iliyoishia kituo cha pili. Njiani alizungumza. Alizungumza kuhusu bei ya nyumba, goti lake, na jinsi mama alivyokuwa akiwaimbia utotoni, na kila alipofika kwa mama sauti ilikatika, akatoa leso.

"Unakumbuka, Visi? Ule wimbo wa punda?"

"Nakumbuka."

"Aliuimba vizuri!"

Mama aliuimba wimbo wa punda miezi miwili ya mwisho, mfululizo, mchana na usiku, hakujua tena ni wimbo. Visi alitazama nje. Mizabibu ilipita.

Baa ya Marseille ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la zamani, na walipofika walikuwa wateja pekee. Karibu na meza yao kilisimama kinyago kimoja kikubwa kuliko vyote, taya limetokeza mbele, mdomo umebenuka chini kwa dharau. Eladio alikunywa nusu ya kinywaji chake, akainua macho, akakiona vizuri. Akatafuta leso.

"Nini tena?" Visi akauliza.

"Ni mama."

Visi aligeuka. Alikikagua kile kinyago bila haraka, kuanzia kipaji cha uso mpaka kidevu. "Kweli," alisema. "Hasa hapo mdomoni. Kama anaambiwa ale supu."

Eladio aliangua kilio. Mhudumu, kijana wa Kifaransa mwenye shati la maua, alikuja mbio akidhani kinywaji kina kasoro. Visi alimwashiria kwa mkono kwamba hapana, kinywaji kizuri, huyu bwana yuko hivyo.

"Wewe unafanya mzaha!" Eladio alisema kupitia leso. "Mama yuko udongoni, wewe unafanya mzaha. Sijakuona ukitoa chozi hata moja. Hata moja, Visi! Kanisani, hapana. Makaburini, hapana. Una moyo wa namna gani, wewe?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Ningejua ningekwambia, kaka. Kunywa, barafu inayeyuka."

Alisema hivyo bila ukali. Na hakuumia. Alijua kwamba maneno yale yangepaswa kumwuma, akayachunguza, kama mtu anayebonyeza mguu uliokufa ganzi. Hakukuwa na kitu.

* * *

Genoa, nchini Italia, walifika Ijumaa. Baa iliitwa Laguna, na ilikuwa juu ya mteremko mmoja wa vichochoro unaopanda kutoka bandarini. Eladio alipanda akisimama kila kona kwa ajili ya goti. Mwenye baa alikuwa Bi Ornella, mjane wa miaka sabini na zaidi, nywele amezitia rangi ya karoti, gauni refu la maua mekundu limemfika vidole vya miguu. Walimkuta nyuma ya kaunta akigombana na simu.

Visi alizungumza Kihispania, Bi Ornella Kiitaliano, na kila mmoja alivuta lugha yake kuelekea kwa mwenzake mpaka wakaelewana.

"Samahani, wapenzi, leo siwezi kuwahudumia," Bi Ornella alisema. "Mirko, mpwa wangu, anayechanganya vinywaji, yuko kitandani na homa. Na saa kumi na mbili naletewa wauguzi! Wodi nzima ya watoto! Mwenzao anastaafu, wameshalipia, wameagiza volkano sita. Mimi volkano sijawahi kutengeneza maishani mwangu. Marehemu alitengeneza, Mirko anatengeneza. Mimi nilikuwa nikikaa hapo mlangoni na kupendeza."

"Na bado unapendeza, bibi," Eladio alisema.

"Asante, lakini hainisaidii."

Volkano ni bakuli pana la watu wanne, ramu za aina mbili, nanasi, ndimu na sharubati ya lozi, na katikati nusu ya ganda la ndimu iliyojazwa ramu kali na kuwashwa moto. Visi alikuwa ametengeneza mamia. Alizunguka kaunta, akafungua jokofu, akanusa chupa mbili, akatafuta kwa macho mahali pa barafu.

"Naweza," alisema.

"Unaweza nini?" Eladio akauliza.

"Vua koti. Utaosha vyombo."

"Mimi? Nina goti!"

"Vyombo havioshwi kwa goti."

Bi Ornella alimfunga Visi ua la kitambaa sikioni na kumvika shati la Mirko lenye mikono mipana iliyojaa kasuku. Wauguzi walifika kwa kishindo, wanawake kama ishirini na wanaume wawili watatu, wakiimba tangu kichochoroni. Na mikono ya Visi ikaanza kazi. Haikumwuliza chochote. Ilikata, ilikamua, ilitikisa, ilijua urefu wa mmimino bila kupima. Yeye mwenyewe alikuwa mahali fulani nyuma, akiitazama, akiona kwamba ni mikono yenye ustadi. Nyuma yake Eladio alivunja glasi, akaomba radhi, akavunja nyingine.

Ilikuwa volkano ya nne. Moto wa ganda ulionekana umefifia, Visi akaongeza ramu kutoka kwenye chupa, jambo ambalo zamani wasingemruhusu msichana wa wiki ya kwanza kulifanya. Ulimi wa buluu ulipanda na mmimino, ukashika shati. Wauguzi walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Visi aliuangalia mkono wake. Kasuku walikuwa wanakunjamana mmoja baada ya mwingine, na moto ulikuwa mzuri, mwembamba, wa rangi ambayo huioni mara nyingi. Alijua anaungua. Alijua kama unavyojua kwamba nje kunanyesha.

"Visi!"

Eladio alimrukia na ndoo nzima ya barafu na maji. Mwili ule wote, goti na kila kitu, ulitoka mbio kwenye sinki. Walianguka pamoja juu ya sakafu, maji yakatapakaa, vipande vya barafu vikaenda mpaka chini ya meza za wageni.

"Unaangalia nini? Unaangalia nini, we mwanamke! Unaungua unaangalia!"

Muziki ulizimwa. Wauguzi waliokuwa wamekunywa wakaacha kuwa walevi kwa dakika moja. Mmoja, mfupi, miwani imening'inia kifuani, jina lake Tiziana, alipiga magoti kwenye maji na kuuchukua mkono wa Visi, akalikata shati kwa mkasi wa kaunta. Kuanzia vidole mpaka juu ya kifundo ngozi ilikuwa nyekundu, sehemu nyingine imeanza kuumuka.

"Unaumia sana, mama?"

"Sijui."

Tiziana alimtazama usoni, si mkononi. "Watu wakiungua hivi hulia."

"Ndivyo ninavyoambiwa kila mara," Visi akasema.

* * *

Hospitalini walimsafisha, wakamfunga mkono wa kulia wote kwa bandeji mpaka ukawa kama glavu ya bondia, wakamwambia asisafiri, arudi kila baada ya siku mbili kubadilishiwa. Eladio alichukua vyumba viwili katika nyumba ya wageni karibu na Laguna, vyenye mlango katikati. Alimpigia simu mkewe akilia. Sauti ya Herminia ilisikika chumba kizima: "Haya, umelia, sasa nyamaza ufanye kazi! Mkono wa kulia ndio huo ameunguza, bwana. Nani atamfunga vifungo? Papa wa Roma?"

Eladio alikata simu polepole. Hilo la vifungo hakuwa amelifikiria.

Asubuhi alibisha mlango, akaingia akitazama dari. Visi alikuwa amekaa kitandani na shimizi, blauzi mapajani. Alikuwa amejaribu kwa mkono wa kushoto akashindwa kifungo cha kwanza.

"Nifanyeje?" Eladio aliiuliza dari.

"Kwanza nitazame. Huwezi kufunga usichokiona."

Vidole vyake vilikuwa vinene. Alifunga blauzi yote, akagundua ameanza na tundu lisilo lake, akafungua yote, akaanza tena. Soksi alimvisha kisigino juu. Kuchana nywele alichana kama anakwangua sufuria. Kwenye chai alisahau kwamba kikombe kina joto, akamtia mdomoni, akaomba radhi, akapuliza mpaka ikapoa kabisa. Visi alikunywa ya moto, akanywa ya baridi. Aliyaacha yote yatokee. Mchana Eladio alimkatia nyama vipande vidogo mno, vya mtoto, akavipanga kwa safu.

Siku ya tatu mvua ilinyesha na hawakutoka. Eladio alikuwa ameamka mara mbili usiku kumpa dawa, na mara ya tatu kwa sababu alidhani amemsikia akiita. Macho yalikuwa mekundu, safari hii si kwa kilio. Bi Ornella alikuwa ameleta supu ya mboga. Eladio alivuta kiti, akachota, akapeleka kijiko, akakigonga kwenye meno ya dada yake. Akachota tena. Akakigonga tena.

"Nimechoka," alisema, kwa sauti ndogo, kama anajisemea.

Alikisikia mwenyewe alichokisema. Kijiko kikabaki hewani. Mvua ilipiga dirishani na huko chini mtu alikuwa anafungua mwavuli akitukana.

"Visi," alisema. "Uliwezaje?"

Visi alifikiria. Alitaka kumpa jibu la kweli, naye hakuwa na kubwa. "Asubuhi inafika," alisema. "Unaamka."

"Basi?"

"Basi. Wakati mwingine nilikuwa nalala sakafuni pale mlangoni mwake, kupunguza safari."

Eladio alishusha macho kwenye supu. Macho yakaanza kumlowa, akachota huku hatazami, kijiko kikagonga meno kwa mara ya tatu, kikali, na supu ikamwagika shingoni mwa Visi, ikaingia ndani ya blauzi aliyoifunga kwa taabu.

"Meno yangu!" Visi alipiga kelele. "Hayo ni meno, Eladio! Si mlango! Unagonga nini, unataka kufunguliwa? Mtu mzima na masharubu yake hawezi kulenga mdomo! Na ukithubutu kulia! Nikiona chozi moja tu, nakumwagia bakuli lote hili kichwani!"

Sauti ilikuwa imemtoka toka mahali pa chini sana. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumpigia mama kelele. Alikuwa akienda bafuni, anafungua maji, anasimama mpaka hasira inapita.

Eladio alikuwa ameganda, kijiko mkononi, machozi yamefika ukingoni, hayajui yaende wapi. Alimeza. Akavuta makamasi. "Sawa," alisema kwa unyenyekevu. "Basi fungua mdomo zaidi. Unafungua kidogo kama sanduku la posta."

Visi alifungua. Supu ilikuwa na chumvi nyingi. Alimwambia hivyo. Eladio akasema si yeye aliyeipika.

Jioni ile aliomba dawa kabla ya wakati wake. Mkono ulikuwa unamuuma kweli, ukipiga kama saa, na hakuweza kufikiria kitu kingine. Eladio alikaa kwenye kiti kando ya kitanda bila kusema chochote kuhusu mama, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu kuliko vifungo.

* * *

Walikaa Genoa mpaka bandeji kubwa ikawa ndogo. Mchana walikuwa wakienda Laguna, Visi anakaa mwisho wa kaunta akimkosoa Mirko, ambaye homa ilikuwa imemwacha na ambaye, kwa maoni yake, alikuwa anatia sukari kuficha uvivu. Mirko hakuchukia. Alimwita mkurugenzi. Tiziana alipita mara moja, akiwa ametoka zamu, akaushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga mbaya wa taa ya bunju, akasema kovu litabaki lakini vidole vitakunjika.

"Na sasa, unaumia?"

"Ndiyo," Visi akasema. "Sana, usiku."

"Vizuri," Tiziana alisema, akaagiza juisi.

Siku moja kabla ya kuondoka, Bi Ornella alimwita kando, karibu na maporomoko ya maji, ambayo pampu yake ilikuwa imeharibika na haingurumi, kwa hiyo ilibidi wanong'one.

"Kiangazi kizima Mirko peke yake hawezi. Mimi miguu imekwisha. Chumba kipo juu, kidogo, kina kitanda na meza. Huji?"

"Sina mkono."

"Utakuwa nao Julai."

"Sijui kama nitakuwa mtu mzuri wa kukaa naye. Sina raha, bibi. Sisikii kitu sana."

Bi Ornella alipandisha mabega. "Hapa ndani wateja hawaoni. Mimi tangu marehemu afariki mwaka wa kwanza wote sijui nilikula nini. Njoo usiwe na raha hapa."

Visi alisema atafikiria. Ilipofika usiku alikuwa ameshafikiria. Eladio alipoambiwa aligeuka mwekundu, akasema haiwezekani, Herminia atasema nini, nyumba ya mama itakaa tupu, watu wataongea; kisha akamtazama dada yake, aliyekuwa akihangaika kujifunga kifungo cha juu kwa vidole vilivyovimba, naye kwa mara ya kwanza hakuharakisha kumsaidia. Kiliingia. Kilichukua muda, lakini kiliingia.

"Mto wangu nikuachie?" aliuliza. "Mito ya Waitaliano ni kama magodoro ya paka."

Kituoni alipanda na masanduku yake mawili, akafungua dirisha la behewa lisilofunguka vizuri, akachomoza masharubu nje. Alimwambia asinyanyue vizito. Alimwambia abadilishe bandeji. Alimwambia mengine ambayo treni iliyafunika. Visi aliinua mkono ule wenye bandeji, ukamwuma, akauinua wa pili.

Alirudi kwa miguu, kwa kuwa hakuwa na haraka. Chini ya mteremko palikuwa na duka la mikate ya mafuta, moshi wa kitunguu unatoka mlangoni, na watu wamejipanga. Alijipanga nao. Mbele yake bibi mmoja alikuwa anabishana na muuzaji kuhusu kipande cha pembeni, kwamba cha pembeni ndicho kitamu na kila siku wanampa cha katikati. Visi alisikiliza mabishano yote. Zamu yake ilipofika, aliomba cha pembeni.

"Vya pembeni vimekwisha, mama, kile cha mwisho amechukua yule," muuzaji alisema.

Visi aliudhika. Alichukua cha katikati, akakaa kwenye ngazi za kanisa lililokuwa mkabala, mafuta yanamtiririka kifundoni mwa mkono, akala chote, bado ameudhika.

Wale wa Zaragoza wanasema mpaka leo hajamlilia mamake. Herminia alimwuliza tena kwa simu, mwezi wa Septemba, naye akajibu kwamba Agosti, ndani ya basi, msichana mmoja alimwachia kiti, na alipokaa akajikuta analia mpaka akapitiliza vituo viwili. Kwa nini, Herminia akauliza, msichana alikuwa anafanana na nani? Visi akasema hakufanana na mtu yeyote. Halafu akasema wateja wamefika, akakata simu.